Shairi Lililozima Moto Mnero

Enzi zetu, mwanafunzi wa sekondari Nachingwea hakukaa mbali na jembe. Ilikuwa miaka ya tisini: simu hakuna, na kaptura yako moja ikifuliwa Jumamosi, unashinda umejifunga kanga ya mama. Wengine tulitoka Mnero, wengine Narung'ombe kule Ruangwa, na baiolojia ya Kiingereza tuliikariri tu bila kuonja utamu wake.

Mwalimu Zuhura ndiye aliyetufungua macho. Alitupeleka Mnero, kwenye kijimsitu cha chemchemi, na kabla ya kugusa jani Waislamu waliomba dua, sisi Wakristo tukapiga ishara ya msalaba. "Mnaingia kwenye kazi ya Mungu," alisema, "msiingie kama wezi." Kisha kila mmoja alitunga ubeti kwa Kiswahili, kueleza jani linavyojipikia chakula. Aliyekosea sayansi alirudia, hata vina vikiwa vitamu namna gani.

Kiangazi kile, nikiwa likizo, nilimkuta baba ukingoni mwa kijimsitu hicho, kijinga cha moto mkononi. Panya wa porini walisakwa hivyo: nyasi zinachomwa, wanakimbia, watu wanapata kitoweo. Nami nilikuwa nimechoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Lakini siku hiyo upepo ulielekea kwenye chemchemi, maji pekee ya kijiji. Kumkataza baba sikuthubutu. Nikasimama mbele yake, nikaghani:

Jani hupika kwa jua, maji mzizi hutoa,
Miti mkishaiua, mvua mtaililia.

"We Damiani! Shule imekufundisha kumgombeza baba yako kwa shairi?"

Jirani yetu Athumani, ambaye panya hali lakini mawindo hakosi, alicheka hadi akakaa chini. "Muache amalize, bwana. Hata panya wanamsikiliza!"

Baba akakizika kijinga mchangani. "Haya, mshairi, chukua jembe. Leo panya utawachimba mashimoni mwenyewe."

Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na sijawahi kujivuna kama jioni ile.

Chemchemi inatoa maji hadi leo. Vijana wa sasa wanatazama jani kwenye simu na kupata alama kubwa kuliko zangu, kisha wanatupa chupa za soda kwenye maji yale yale, spika masikioni. Siwalaumu sana. Sisi tulikuwa na Mwalimu Zuhura. Wao wana mimi, nami sijawaghania hata ubeti mmoja.