Chen wa Wapi?

Jina lenyewe halina hata pumzi mbili, lakini sijaona jina lililochokozwa kama lile. Siku binti yangu aliponiambia kuwa kijana anayempenda ni Mchina wa ukoo wa Chen, nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka kusafisha uwanja wa ndege, koti sijavua. Jirani yangu wa Märsta, mji mdogo wa Sweden ulio karibu na uwanja huo, alikuwa amekaa jikoni kwangu anakunywa chai. Akaangua kicheko. "Chen? Chen yupi? Si wote wanaitwa Chen hao!" Kesho yake kazini nikamwambia msimamizi wetu, Mswidi mpole kabisa, naye akacheka. Akasema ofisi moja aliyowahi kusafisha kule Kista ilijaa kina Chen, na barua zao zilikuwa zinapotea kila wiki. Jumapili kanisani, mama mmoja Mkongo akanishika mkono kana kwamba nimefiwa. "Maman, sasa utajua aje huyo ni wa nani?"

Nilimwondolea mkono wangu. Jambo la majina mimi linanichoma, na nitasema kwa nini.

Nimezaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho cha jikoni na ndicho cha kugombania. Kwetu kila mtoto anapewa jina lake. Baba ana lake, mama ana lake, dada na kaka kila mmoja na lake, na hakuna anayeshangaa, maana watu wanajuana kwa ukoo na kwa uso. Nilipofika Sweden na binti yangu na kaka yake, afisa alitazama karatasi zetu, majina matatu yasiyofanana, akaniuliza kwa upole hawa watoto ni wa nani. Wa nani! Watoto niliowazaa kwa uchungu wangu mwenyewe, tukatolewa mate wote watatu yakapimwe kama sisi ni damu moja. Nilingoja majibu yale huku nikimsuka mwanangu nywele, na kila nikishika fundo la nywele nasema moyoni, huyu nimemwazima kwa nani?

Kwa hiyo nilijua. Sisi tulisumbuliwa kwa sababu majina yetu hayafanani, na hawa wanachekwa kwa sababu yao yanafanana. Sasa watu waitwe nani ndiyo mridhike?

Kijana mwenyewe alikuwa na adabu zake. Alikulia Stockholm, fundi wa kompyuta huko Kista, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na anakula ugali kwa mkono bila kujifanya shujaa. Mama yake alishafariki. Baba yake, mzee aliyepika mikahawani mpaka mgongo ukakataa, alikuwa anaishi mtaa wa Bredäng, upande wa pili wa Stockholm. Tulipokwenda kumsalimu alitupa supu ya samaki, akanichagulia mimi kichwa, kwa heshima. Juu ya mlango wa sebule, kwa ndani, palikuwa na kibao chekundu chenye maandishi mawili makubwa ya dhahabu. Nikadhani ni dua ya kubariki nyumba, kama tunavyobandika sisi.

Kikwazo kilikuwa kwetu. Mume wangu alishafariki, na mkubwa aliyebaki upande wake alikuwa mdogo wake, shemeji yangu, dereva wa basi, mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Posa yetu haiendi bila mzee wa upande wa baba kukaa mbele, kusema na wageni, na mwishoni kuonja kinywaji walicholeta. Akionja, binti ametolewa. Asipoonja, hakuna kitu, hata mngekuwa mmeshona nguo. Mwanangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi toka akiwa chekechea, kwa hili alinijibu Kiswahili. "Mama, nataka ya kweli. Baba mdogo akikataa, mimi siolewi. Sitaanza nyumba yangu huku ukoo wa baba umenigeuzia mgongo." Nilimtazama, nikaona uso wa baba yake mtupu, ule wa kutorudi nyuma. Alikuwa anampenda yule kijana mpaka anakonda, na alikuwa anasema kweli.

Nikampigia shemeji simu. Akasema atakuja, tena kwa moyo mmoja. Halafu akaongeza, "Lakini shemeji, watu hawa wana ukoo kweli? Jina la kila mtu si jina la mtu. Tutamtoa mtoto kwa nani?"

"Kwa mtu aliyekuja kumwomba," nikamwambia.

"Aa, usijali. Siku ile ni ya utani tu."

Nikashusha simu na roho haikutulia.

Hapa niwaeleze wasioijua. Posa ya kwetu ni mchezo. Pande mbili zinakaa zikitazamana. Wageni wanasema wamekuja kuomba binti, na msemaji wetu kazi yake ni kukataa. Anawaambia wamepotea njia, kwetu hakuna binti, aliyekuwepo amekwenda shule na hatujui atarudi lini. Anawauliza ninyi ni nani, mmetoka kwa nani. Wao wanajibu kwa ukoo wao na kwa maneno matamu, watu wanacheka, na mwisho tunalainika. Mwanangu aliwafundisha wakwe zake haya yote wiki nzima. "Watawakataa. Watawatukana kidogo. Msiogope, ni heshima. Ninyi tabasamuni."

Siku ilipofika tulikodi ukumbi wa wapangaji pale Märsta. Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, jirani yangu mcheka majina naye akaja kula. Kwa kuwa watu walichanganyika, tukakubaliana Kiswahili, na kwa wageni Kiswidi. Mzee Chen alikaa mbele amevaa suti iliyompwaya, kijana wake kando, na nyuma yao ndugu wachache na marafiki wa kijana. Mimi kwa mila sina neno siku ile. Mama wa binti anakaa jikoni na wapishi, na binti anafichwa. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, nikitazama kwa upenyo.

Shemeji alianza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. "Mmeshuka treni mapema," akawaambia. "Uwanja wa ndege uko mbele, hapa hakuna safari." Watu wakavunjika mbavu. Mzee Chen akatabasamu, akainamisha kichwa, akasema wao hawatafuti ndege, wanatafuta ua la nyumba hii. Akapigiwa vigelegele. Nikashusha pumzi.

Halafu shemeji akasimama. Nilimjua miaka mingi, nilijua sauti yake ya mchezo, na ile haikuwa yenyewe. "Hebu tuambieni," akasema. "Chen wa wapi ninyi? Maana hapa mjini kila mlango una Chen. Mtu mwenye jina la kila mtu hana kwao. Sisi tuna ukoo. Binti wa ndugu yangu siwezi kumtupa kwenye umati." Akaisukuma meza ndogo ya vinywaji kuelekea kwa wageni, kwa mguu. Kwa mguu, jamani! Kwenye mchezo meza haiguswi. Kila Mrundi mle ndani aliona, na kicheko kikakatika. Jirani yangu akatazama viatu vyake.

Na wageni wakaendelea kutabasamu. Hicho ndicho kilichonichoma kuliko yote. Mzee wa watu anatukanwa uso kwa uso, naye anatabasamu kwa adabu, kwa kuwa mtoto wangu alimwambia ni heshima. Nyuma yangu, ndani ya stoo ya viti tulikomficha, nikamsikia mwanangu akivuta pumzi na kuibana. Nilitaka kutoka nimpasue kwa mwiko yule mwanaume, mila baadaye.

Mzee Chen akainuka. Akafunga kifungo cha koti, akakohoa kidogo, na uso wake ulikuwa unang'aa. Naapa ulikuwa unang'aa, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali alilosoma usiku kucha. Kiswidi chake kilikuwa cha jikoni, kifupi kifupi, na kila mtu alimwelewa.

Alisema swali ni zuri. Alisema hapo kale kabisa alikuwepo mfalme mwema, na wajukuu na vilembwe wake wakabaki bila kitu. Ukoo mwingine uliposhika utawala, ukamtafuta mmoja wa wajukuu wale, ukampa nchi ndogo ili amkumbuke babu yake, na ukampa na binti wa mfalme awe mke wake. Nchi hiyo ndiyo iliyoitwa Chen. Ndugu wakaja kuuana humo kwa ajili ya kiti, na mtoto mmoja wa mfalme akakimbia, akaingia nchi ya jirani. Mtawala wa huko akampa cheo kikubwa. Akakikataa, akasema yeye ni mkimbizi, kutua mzigo kunamtosha. Akapewa kusimamia mafundi.

Aliposema mkimbizi, ukumbi mzima uliketi sawasawa. Neno hilo kwa Kiswidi sisi wote tulilijua kabla ya kujua kuomba maji.

"Halafu mkubwa mmoja akafikiri," mzee akaendelea. "Nimpe binti yangu mtu huyu? Hana nyumba. Hana nchi. Akauliza waganga. Akampa. Watoto wa mkimbizi wakakua. Baadaye sana, wakatawala nchi ile."

Akasema nchi yao ya zamani ilimezwa na majirani, na waliobaki wakajiita jina lake, wasije wakaisahau. Wale wa mkimbizi walitumia jina lingine kwa vizazi vingi, mpaka na utawala wao ukaanguka, ndipo mmoja wao akahamia mahali paitwapo Yingchuan, akalirudia jina la Chen. Kutoka huko watu wakashuka kusini mpaka pwani, kijijini kwake. Hayo ndiyo maandishi ya kibao chake, akasema, Yingchuan, ili mgeni akiingia ajue Chen gani anaishi humo. Kwa haki akaongeza kuwa si Chen wote ni wa damu hiyo. Wapo waliotoka kaskazini na lugha yao na majina marefu, mfalme akawaamuru wachukue majina mafupi. Hao pia ni Chen, akasema, na hakuna wa kuwacheka.

Kisha akamgeukia shemeji. "Umeuliza Chen wa wapi. Chen wa nchi isiyokuwepo. Tulipokuwa hatuna kitu, mtu alitupa binti. Tulipokimbia, mtu alitupa binti. Leo nimekuja kuomba kwako."

Akainama, akakaa, akampangusia mwanawe bega, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Shemeji alikuwa bado amesimama. Yeye naye alivuka mpaka kwa miguu, na mtoto mgongoni, na ni mwanangu huyu huyu aliyembeba, kwa sababu mimi nilikuwa na homa. Nilimwona anatafuta pa kuweka mikono. Na kiburi ni kiburi, angeweza kusimama vile mpaka asubuhi.

Nikatoka jikoni. Aproni kiunoni, mwiko nimeuacha, Mungu alinisaidia kuuacha. Nikasikia wanawake wakiguna nyuma yangu, mama wa binti haonekani! Nikairudisha ile meza mahali pake kwa mikono yangu miwili. Nikajaza kikombe kwa kinywaji cha wageni, nikapiga goti mbele ya shemeji yangu kama mila inavyotaka, na nikamwambia kwa sauti ambayo hata waliokuwa uani waliisikia, "Shemeji, umeuliza, mzee amekujibu. Ulimbeba mtoto huyu mpaka tulipofunguliwa mlango. Kunywa, au nieleze mbele ya watu hawa na wewe ni wa nchi gani."

Macho yake yalikuwa mekundu. Akachukua kikombe, akanywa chote, na kina mama wakapasua vigelegele hivi kwamba sikusikia mlango wa stoo ukifunguliwa. Niliona tu gauni la mwanangu likipita mbio, kabla hajaitwa, mila zote chini.

Hasira yangu haikuishia hapo, na hata sasa naandika nikiwa nayo. Wiki ile ile nilikwenda Bredäng kumwomba mzee radhi. Nilishapanga maneno kwenye treni, ya kumweleza kuwa yale hayakuwa mchezo, kwamba alitukanwa, na kwamba mimi nimeona aibu. Alinifungulia mlango akiwa na aproni, supu iko jikoni. Kabla sijavua koti akanipa pakiti ya majani ya chai, nzuri, ile ya kutunzia wageni, imefungwa kwa karatasi nyekundu.

"Mpelekee shemeji yako," akasema. "Mwambie namshukuru sana. Nimekaa nchi hii miaka yote, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza."

Nikasimama chini ya kile kibao, maneno yangu yote nikayaacha, nikaipokea.