Mama ameniandika kibarua nyumbani kwetu: nilichojifunza kuhusu protini inayoitwa tau

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliacha darasa la saba, lakini kusoma sikuacha. Hata gazeti lililofungiwa mandazi nalisoma mpaka mwisho.

Nilikuwa Myanga, Bungoma, nachoma matofali, dada yangu Nekesa akanipigia simu.

"Wafula, kuja nyumbani. Mama ameanza kupotea."

Nilidhani amepotea njia. Kumbe nilipofika nyumbani Saboti nilimkuta amekaa nje anapukuchua mahindi, mzima kabisa. Nikamsalimia. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Kazi ya kupalilia iko," akasema. "Lakini sitaki kijana mvivu."

Nikacheka, maana mama ni mtu wa utani. Nekesa hakucheka.

Tukampeleka hospitali Kitale. Daktari, dada mmoja mpole, akasema inaonekana ni Alzheimer's, ugonjwa wa kusahau. Nikamuuliza maswali mpaka Nekesa akanikanyaga mguu.

Ni hivi, wakuu. Ndani ya seli za neva kuna vijibomba vyembamba mno vinavyosafirisha mizigo ya seli. Tau ni protini inayovishikilia visimame imara. Mimi nimejenga nyumba za udongo, kwa hivyo nilielewa haraka: vijibomba ni fito, tau ni kamba.

Kwenye ugonjwa huu kamba zinafunguka, halafu zinajisokota mafundo humo humo ndani. Seli inadhoofika, mwishowe inakufa.

Tau haiko peke yake. Kuna protini nyingine inayorundikana nje ya seli, na jinsi hizo mbili zinavyochocheana, wataalamu bado wanabishana.

"Sasa daktari, hakuna dawa ya kufunga kamba upya?"

"Kuna za kusaidia kidogo, tutajaribu. Lakini kilichoharibika bado hatujui kukirudisha."

(Huku kwetu watu walishaamua mama amerogwa, na jina la mrogaji, jirani yetu, walikuwa nalo. Niliwaambia kuhusu tau. Wakaniuliza hiyo tau inatoka boma gani.)

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Kila asubuhi nilikuwa namwambia, "Mama, ni mimi Wafula." Nilitaka anijue. Basi.

Alikuwa anaogopa. Siku moja aliniinulia jembe. "Wafula yangu umemjulia wapi wewe? Umemfanya nini?"

Nekesa akanivuta kando. "Si umwache bana! Unamtesa ukidhani unamsaidia."

Kesho yake nikatoka nje ya geti, nikabisha hodi, nikaomba kazi. Mama akafurahi. Akanipa chai na viazi, akanionyesha shamba ambalo nimelijua tangu nikiwa mtoto. Tangu siku hiyo tunaelewana vizuri sana.

Juzi nilikuwa napalilia maharagwe, yeye amekaa pembeni.

"Wewe unafanya vizuri," akasema. "Lakini nikwambie mapema usikasirike. Niko na kijana yangu, Wafula. Huyo ni maswali tupu. Ati alikuwa ananiuliza kwa nini ng'ombe haicheki."

"Ukamwambia nini, mama?"

"Nilimwambia aulize ng'ombe. Akaenda akaiuliza!" Akacheka mpaka akajipangusa macho. Halafu akaangalia barabara.

"Siku atarudi, hii kazi ni yake. Wewe utatafuta kwingine."

"Sawa mama. Nitampisha."

Wakuu, nimefukuzwa kazi nyingi na sikuwahi kujali. Hii ndiyo ya kwanza ninayotamani kufukuzwa.

Nilichojifunza: mgonjwa wa hivi usibishane naye. Ingia pale alipo, hata kama pale hakuna jina lako. Na jirani asiye na hatia asisingiziwe uchawi kwa kitu kilicho ndani ya seli.

Wenye kujua mambo ya seli, nikosoeni palipo na makosa. Na ninyi wenye mzazi kama wangu, zile asubuhi unatamani tu akuite jina lako, huwa mnafanyaje? Mimi nabisha hodi, halafu nangoja nisikie ataniita nani.