Mistari ya Mzee Mayala

Revocatus hakuiba maneno ya mtu. Wanaomsema huko Misungwi wameona toleo la pili tu la kitabu chake cha ufugaji wa zamani, lililotoka baada ya yeye kufariki. La kwanza hawajalishika.

Katika la kwanza, kila Mzee Mayala, mfugaji aliyemsimulia, alipozungumza, mistari yake ilijongea ndani ya ukurasa, bila alama za usemi. Ndivyo Revocatus alivyotaka. Hata sebuleni, mzee akianza kusimulia, yeye alirudisha kiti chake nyuma kidogo. Mkewe Justa, mwalimu mstaafu, alimtania: "Utafika jikoni, baba Pius."

Sasa Gladness, binti wa Mayala, alikuwa amesema kwenye msiba wa jirani, watu wakisikia, kwamba baba yake kaibiwa maneno.

Justa akaenda Ilemela kwa Odeta, mpanga kurasa, na flashi mkobani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Fungua matoleo yote mawili."

Odeta alitazama, akacheka. "Kumbe la kwanza walijongeza kwa kitufe cha nafasi, mstari kwa mstari! Halafu mtu kaja, kaona mapengo, kayafuta yote, maneno ya mzee yakachanganyika na ya mwandishi. Niweke tu alama za usemi, mwalimu? Sasa hivi namaliza."

"Hapana. Marehemu alimpisha mzee. Na wewe mpishe."

Odeta akatengeneza mtindo mmoja wa nukuu: ndani kushoto, ndani kulia, nafasi kidogo juu na chini. Justa alimwonyesha mzee anapoanza na anapoishia. Hakubahatisha, chai ya mazungumzo yale aliimimina yeye.

"Hata karatasi ikibadilika," Odeta alisema, "mzee habanduki hapa."

Jumapili, baada ya misa, Justa alimpelekea Gladness kurasa hizo. Gladness alisoma taratibu, kidole kikifuata ukingo mweupe wa kushoto, mpaka machozi yakamtoka.

"Huyu ni baba kabisa. Namsikia. Nitawaambia watu, mama, kama nilivyowaambia lile la wizi." Akajifuta uso. "Lakini nani aliyafuta yale mapengo?"

Justa alimkumbuka mwanawe Pius, macho yamevimba kwa kilio, akikisafisha kitabu cha baba yake ili kitoke kizuri.

"Hilo ni la nyumbani kwangu," alisema, akichukua mkoba wake. "Sisemi zaidi."