Mke Wangu Alivyoigizwa Mezani

Babu yangu mzaa mama alikuwa na mbwa wa kuwindia panya wa kitoweo, mbwa mbaya wa sura, sikio moja limeliwa na nguruwe pori. Alimlisha mara moja tu kwa siku, saa tano, asubuhi imeshapita na mchana haujafika, ili alfajiri akienda naye porini awe na njaa ya hasira. Siku mbwa alipokufa, babu alimburuta kwa kamba mpaka nyuma ya mikorosho, akarudi, akanawa, akauliza ugali uko wapi. Nililia mimi. Akanichapa kwa kumlilia mbwa. Watu wa Mpapura wa zamani walikuwa hivyo, simlaumu.

Nimemkumbuka kwa sababu ya hiyo saa tano. Mwanangu alinipigia simu akasema, "Baba, Jumapili tutakula saa tano, branchi." Nikamwuliza hicho ni chakula cha mbwa gani. Akasema ni chai na chakula cha mchana kwa pamoja, ndivyo watu wanavyokula mjini siku za mapumziko.

Mke wangu alikuwa ameshakufa, na arobaini imepita. Mimi kupika sijui. Nyumba ilinyamaza mpaka panya wakaanza kutembea mchana kweupe. Basi tulikubaliana nihamie kwake mjini, Chuno, nimalizie uzee huko. Kuku nikawagawa, mlango nikaufunga, begi likaingia kwenye buti ya gari lake, na kabla hatujafika kwake akatupitisha kula.

Nasema akatupitisha kwa sababu nilikuwa na mtani wangu, Myao mzee wa Mtawanya, amekuja kunisindikiza. Tumetaniana tangu tuna meno yote. Mmakonde na Myao hawakasirikiani. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuuchezea msiba. Siku tulipomzika mke wangu, huyu mzee alivaa kanga ya marehemu, akachechemea kama yeye, maana mguu mmoja wa marehemu ulikuwa mfupi, akasonya kama yeye, akazunguka uwanja akidai ungo wake. Watu walicheka machozi yanatoka. Nilicheka na mimi, na ndipo nikapata kupumua. Halafu mtani hupewa chochote, anavua kanga, mambo yanaishia hapo hapo msibani.

Hiyo sehemu aliyotupitisha mwanangu ni baa, ila baa ya kula. Meza mbao tupu, vyakula vimeandikwa ubaoni kwa chaki, muziki wa chini chini. Mihogo ya kukaanga, ile ile niliyolima maisha yangu yote, ililetwa ndani ya kindoo cha bati kama cha mtoto kuchezea mchanga. Yai halikuiva. Mkate niliuacha, kwa meno haya. Mwanangu alikuwa amewaalika wenzake watatu wa ofisini, wageni kutoka Dar, vijana safi wanaonukia vizuri.

"Kula, Mmakonde," mtani akaniambia. "Hapa hawapiki panya."

"Babu zako waliwauza babu zangu," nikamjibu. "Leo nilipie hata soda."

Wale wageni walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mwanangu akaona ana kitu cha kuonyesha.

"Mzee," akamwambia mtani, "hebu waoneshe ulivyomwigiza mama kule msibani."

Mtani akanitazama. "Hapa si msibani, mwanangu."

"Aa, mzee, si utani tu? Hawajawahi kuona hawa." Akamwita mhudumu, akamwagizia mtani sahani ya pili, kuku mzima. Dada mmoja kati ya wale wageni akavua mtandio wake, akampa ajitande.

Sijui kama ni kuku au ni aibu ya kukataa mbele za watu. Mtani alijitanda, akainuka. Akachechemea kati ya meza. Akasonya. Akadai ungo. Baa nzima ikageuka, watu wasiojua lolote wanapiga meza kwa kucheka, na mwanangu ameinua simu.

"Rudia, mzee," akasema. "Nilikuwa sijaiwasha."

Akarudia.

Yule dada akauliza, "Kwani huyo mama ni nani?"

"Mama yangu," mwanangu akasema, bado anacheka. "Alikuwa anatembea hivyo hivyo. Nilivyokuwa shule nilimkataza asije mkutano wa wazazi."

Hilo nilikuwa silijui. Mke wangu aliniambia mikutano ya shule haina maana. Miaka yote ile aliniambia hivyo, na mimi nikamwona mvivu na nikamsema.

Mtani alikuwa ameshauvua mtandio, ameketi, hatazami mtu. Yeye sina la kumfanya, ni mtani. Nikamwambia mwanangu, "Huyu ana ruhusa. Wewe uliipata wapi?"

"Baba, si ulicheka mwenyewe kule msibani? Usituharibie siku. Kula."

Akanisogezea kindoo cha mihogo, akawageukia wenzake waitazame video.

Nikainuka. Alidhani naenda kunawa, akanionyesha upande wa bomba bila kuinua macho. Nikapita bomba, nikapita jikoni, nikatokea nyuma wanapoanika vitambaa vya meza. Nikaenda zangu kijijini, begi likabaki kwenye buti. Pale sijarudi tena, na Chuno kwake sijawahi kukanyaga.