Kipindi cha Wanawake

Kwa miaka tisa, kila saa nane mchana, sauti ya Salhiya iliingia majikoni mwa Unguja nzima bila kupiga hodi. Kipindi chake kilikuwa cha wanawake: mapishi, malezi, ugomvi wa mawifi. Mdomo kajaaliwa, na mwenyewe akijijua. Alipoona kipindi kimeanza kupoa, akafunga safari hadi Makunduchi kwa Bi Mwatum.

Bi Mwatum ndiye aliyekuwa somo yake, aliyemfunda siku saba kabla ya harusi, mlango umefungwa na pazia limeshushwa. Alifunda wasichana wengi, na hakuna mwanamume aliyewahi kusikia neno lake hata moja. Salhiya alipomwomba azungumze redioni, bibi aliuliza jambo moja tu.

"Wanaume hawamo?"

"Kipindi cha wanawake, somo," alijibu Salhiya.

Kwa Bi Mwatum, shughuli ya wanawake ni ya wanawake. Mwanamume akichungulia hufukuzwa kwa ufagio. Alidhani redio nayo ina mlango. Salhiya aliliona kosa hilo waziwazi, akanyamaza, kwa sababu alikitaka kipindi.

Basi bibi akafunda. Alieleza mume anavyopokewa chumbani, yote, bila kufumba. Vinyozi wa Mwanakwerekwe walizima mashine zao wasikie vizuri. Kufika alasiri sauti imeshazagaa kwenye simu, na Simai, mkwe wa Bi Mwatum, akaletewa simu barazani asikilize mafunzo ya mama mkwe wake huku wenzake wakicheka. Siku ya tatu ikaja barua ya kamati ya maadili ya utangazaji.

"Sema bibi aliteleza," Hisham, meneja wa redio, alimwambia Salhiya mlangoni mwa kamati. "Ukisema ulijua, kazi huna."

Ndani walikaa wanaume watano. Waliipiga rekodi mwanzo hadi mwisho, kisha wakairudia ili karani ayaandike maneno yenyewe. Kila mmoja alitazama meza. Salhiya alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mlipanga aseme haya?" mwenyekiti aliuliza.

"Aliteleza, mheshimiwa. Mtu mzima wa shamba, mambo ya redio hayajui."

Akayasema vizuri kabisa, kama anasoma tangazo. Kituo kikapewa onyo na kuamriwa kuomba radhi hewani siku tatu. Salhiya aliisoma radhi hiyo mwenyewe, "kwa maneno machafu ya mgeni wetu," na kazi yake ikabaki. Wahenga wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alilichuma yeye, akamlisha Bi Mwatum peke yake. Na aliona haya, haya ya kushindwa hata kujitazama kwenye kioo.

Ijumaa akaenda Makunduchi. Bi Mwatum alikuwa uani anasuka ukili.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Kaa."

Salhiya hakukaa. Alipiga magoti, akalia. "Nisamehe, somo. Nlijua wanaume wanasikia. Nlijua, nkanyamaza."

"Nshakusamehe," alisema Bi Mwatum, vidole vikiendelea kusuka. "Ila Simai hatii mguu hapa tena. Humleta mwanangu mpaka njia panda, akageuka. Na huko kwenye kamati, walikaa wanawake?"

"Wanaume, somo."

"Wakanisikia tena?"

"Mara mbili."

"Na wewe ulikuwemo?"

"Nlikuwemo."

Vidole vikasimama. Somo hajifuniki mbele ya mwari wake. Ndivyo walivyoishi wawili hawa tangu siku zile saba. Bi Mwatum aliuweka ukili chini, akavuta kanga yake taratibu, akajifunika uso.