Walioifungua Ghuba kwa Jina la Dative

Kabla ya kufika Birmingham, Uingereza, Dative alikuwa akianika na kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika kijiji kimoja cha Ziwa Tanganyika, kusini ya Uvira, Kongo. Samaki walipoanza kuadimika, yeye ndiye aliyewashawishi wanawake wenzake waifunge ghuba ndogo ya kijiji, mahali samaki wanapotagia, asivue mtu humo. Mwaka wa kwanza walikula ugali kwa sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki, wakamsema vibaya. Mwaka uliofuata samaki walirudi, na watoto wakashiba.

Vita vilipomfukuza, ulinzi wa ghuba alimwachia Gédéon, mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki hai. Kutoka Lozells, mtaa aliokaa Birmingham, alimpigia simu kila Jumamosi baada ya kufua.

"Ghuba je?"

"Imefungwa, Yaya," Gédéon alijibu. Ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa tangu utotoni.

Mwaka 2007 Mireille, msichana aliyekuwa akianika samaki pamoja naye kule kijijini, aliitwa na mumewe aliyekuwa akiishi Hodge Hill, mtaa mwingine wa Birmingham. Dative aliposikia, akapika sombe, akapanda basi na sufuria mapajani. Mireille alifungua mlango, lakini sufuria hakuipokea.

"Mama Ruben," akamwita Dative kwa jina la mwanawe, "sisi tulikukosea nini?"

"Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Watu wa mjini wanakokota nyavu za makokoro ghubani, wanazoa mpaka vitoto vya samaki. Tulipomuuliza Gédéon, akasema wewe umeruhusu. Nani angebishana na jina lako? Mama yangu alituambia tunyamaze, Dative hawezi kututupa. Leo anakula ugali kwa chumvi."

Dative aliweka sufuria chini, pale pale mlangoni. Akaomba simu.

"Ghuba je?" akamuuliza mdogo wake.

"Imefungwa, Yaya."

Sauti ilikuwa ileile ya upole, ya kila Jumamosi. Hapo ndipo alipoumia zaidi.

"Niko kwa Mireille."

"Wale watu wananilipa, nami nina watoto wa kulisha," Gédéon akasema.

"Na wenzako hawana? Na jina langu, Gédéon?"

"Wewe uko mbali. Jina lako huku lilikuwa limekaa bure."

Akakata.

Dative hakulia. Alimwomba Mireille ampigie mama yake, awaite wanawake waliokuwa karibu. Walipokusanyika, akawaambia kwamba hakuruhusu chochote, kwamba Gédéon amesema uongo, na kwamba wamnyang'anye ulinzi siku hiyohiyo.

"Unamshitaki ndugu yako wa tumbo moja?" mmoja akauliza.

"Ndiyo. Namshitaki."

Wanawake waliwafukuza wenye makokoro na kuifunga ghuba upya, wakijua kwamba njaa ya mwanzo itawarudia. Baadhi walimwamini Dative. Wengine walisema anajisafisha tu, maana mtu aliyeko Ulaya atakosaje kujua mambo ya mdogo wake. Hata yeye alijiuliza hivyo.

Gédéon hakupokea tena simu yake. Mireille siku hizi hukaa naye benchi moja kanisani na kumsalimu kwa heshima, ila habari za nyumbani humsimulia kwa kupima maneno. Jumamosi, akimaliza kufua, Dative hutoka kwenda sokoni, hata kama hana cha kununua.