Mteremko wa Mahege

Miaka ya vita ya Hitla, petroli ilipokuwa ikitolewa kwa tikiti, magari mengi ya Kibiti yalipandishwa juu ya magogo yakaachwa yaote majani. Pikapu ya Bwana Swalehe mwenye duka haikupandishwa. Ilikwenda na kurudi kila wiki na mchele, nazi na kamba wakavu wa deltani, ingawa ilikuwa kuukuu kuliko yote yaliyolazwa, na kwa jinsi ilivyokunywa mafuta watu waliiita Kiu. Iliyoiweka barabarani ni akili ya dereva wake, Muhidini bin Dadi. Yeye naye walimwita Muhidini Tone.

Tuseme kweli, mtu yule alikuwa fundi wa kubana. Aliendesha pekupeku, kwa madai kwamba kiatu hakisikii pedali. Alipakia alfajiri kabla jua halijachoma injini, na magurudumu aliyajaza upepo mpaka yakalia kama ngoma ukiyagonga. Kila chenye uzito alikifungua akakiacha dukani: mbao za ubavuni, bampa ya nyuma, hata kile kioo cha kutazamia nyuma, kwa hoja kwamba njia iko mbele. Tangi alilipima kwa kijiti cha mkandaa alichokichonga mwenyewe, chenye alama za kisu, kila alama nusu galoni.

Na juu ya yote alikuwa na mchezo wake wa miteremko. Akifika juu ya kilima alizima injini, akatoa gia, akaiacha Kiu ishuke yenyewe kimya kabisa, na kuku waliokuwa wakiparua barabarani walishtukia magurudumu yameshawafika. Galoni iliyowapeleka wenzake maili kumi ilimpeleka yeye kumi na sita.

Utingo hakumtaka, kwa kuwa utingo ni uzito. Abiria vivyo hivyo. Watu wa njiani walinyoosha mikono wakachoka, mwisho wakaacha hata kumsalimia. Kiti cha pembeni yake kilikaliwa na dumu la maji na hendeli ya kuwashia gari. Alizoea kuzungumza na gari, akiliuliza hali kwenye kilima na kulishukuru likifika juu, na siku zikapita hivyo bila yeye kuona kwamba hana mtu mwingine wa kusema naye mchana kutwa.

Nyumbani alikuwa na mke, Mwanamina, mwenyeji wa Mahege. Walikaa miaka tisa bila mtoto, wakapendana hivyo hivyo. Wanawake wa kisimani walimtania Mwanamina kwamba yeye peke yake Kibiti nzima ni mke wa dereva, na yeye peke yake ndiye mwenye nyayo ngumu. Naye alicheka pamoja nao. Katika miaka ile tisa hakuwahi kukaa ndani ya Kiu hata mara moja.

Asubuhi moja ililetwa habari kwamba baba yake Mwanamina amefariki. Siku hiyohiyo Muhidini alikuwa ametumwa kupeleka chumvi mbele ya Mahege, safari isiyokuwa ya kila wiki, na petroli ya tikiti ilikuwa imepimwa ya kutosha tu kwa njia ile mbaya na magunia yale mengi.

"Tangulia kwa miguu, Mwanamina," alimwambia. "Gari limeelemewa, na mafuta ni ya kufika tu. Nikishusha mzigo nakuja mazikoni."

Mwanamina alijifunga kaniki, akaweka furushi kichwani, akatoka. Muhidini alimkuta saa saba mchana juu ya mteremko unaoingia Mahege, wakati Kiu ilikuwa imeshazimwa na kuanza kushuka. Kusimama pale ni kupoteza mwendo wote wa mteremko, kisha kuwasha upya na kunguruma na magunia yale. Akampita. Mwanamina alishtuka gari liko ubavuni mwake bila mlio, likateleza, likaenda zake.

Chumvi ilichelewa kushushwa. Mazikoni hakufika. Aliporudi kesho yake kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji, naye akaona haya kuingia matangani mikono mitupu na siku imepita. Akaupanda mlima akarudi Kibiti. Mwanamina alibaki kwao.

Baada ya arobaini, shemeji yake Kondo alikuja kumwona.

"Shemeji, nimetumwa," alisema Kondo, akakataa kukaa. "Hasira za dada zimepungua, hazijesha. Unajua anachosema? Anasema, mume wangu kanipita kama mwizi, kimya, nami naenda kumzika baba."

Muhidini alimsogezea kigoda tena.

"Mama hataki kukuona uani kwake, na hapo hana makosa. Mkwe asiyefika mazikoni haingii mpaka wazee wakae. Wazee wenyewe wamekasirika, hawatokaa karibuni. Lakini dada atatoka mwenyewe. Wewe njoo Ijumaa baada ya swala, Ijumaa yoyote, usimame pale barabarani. Gari jingine huko halipiti. Akisikia injini tu, anatoka na furushi lake. Ila kwa miguu harudi. Anataka kukaa kiti cha mbele."

"Mwambie nitakuja."

"Nimeshamwambia utakuja. Mimi kesho naingia mikokoni kukata boriti, sitoki leo wala kesho. Usinitie aibu, shemeji."

Bwana Swalehe hakuwa mtu mbaya. Alikubali kumwazima gari Ijumaa moja, ila petroli ya serikali hakuweza kuitoa kwa safari ya mke wa mtu. Wakapatana kwamba kitakachobaki tangini kila mwisho wa mwezi kitakuwa cha Muhidini. Kwenda Mahege na kurudi kulitaka galoni mbili na kidogo. Mwezi wa kwanza alibakisha chupa mbili.

Hapo ndipo watu walipoona ubanaji hasa. Alisukuma gari kwa bega kutoka dukani mpaka barabara kuu ili asiwashe mapema. Alisafisha plagi kila jioni kwa kipande cha kifuu. Petroli yake aliiweka katika debe chini ya kitanda, kifuniko kimezibwa kwa sabuni isipotee kwa mvuke, na kabla ya kulala alilitikisa kidogo asikie limefika wapi. Chumba kizima kilinuka mafuta. Hakuwa na mtu wa kumlalamikia harufu hiyo, na kusema kweli alitamani angekuwapo.

Ilimchukua miezi mitano. Alhamisi ya mwisho aliondoa dumu na hendeli kwenye kile kiti akaviweka nyuma, akakisugua kwa maji ya moto, akatandika mkeka mpya wa ukindu alioununua kwa bibi mmoja wa Mtunda. Alipomimina debe tangini, kijiti kilimwonyesha alama tano na chembe.

Ijumaa aliswali, akaondoka na kanzu yake. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alitaka kuanza na pole ya baba, halafu aseme kwamba amekosa, halafu asiseme jingine mpaka aulizwe. Alipofika juu ya mteremko wa Mahege maneno yalikuwa yamekaa sawa mdomoni. Mkono wake ukaenda kwenye swichi, ukazima. Ukatoa gia. Hakuutuma, mkono ulifanya ulichokifanya kila mlima kwa miaka yote ile. Kiu ikashuka chini ya mikorosho, taratibu, bila hata mkwaruzo, ikasimama pale njia ya kwenda kwa wakweze inapoachana na barabara.

Nyumba ilikuwa ndani, nyuma ya mihogo. Alisikia mtu akitwanga. Kupiga honi hakukumjia hata akilini. Nani anampigia mkwe wake honi, tena mwenye kufiwa? Akangoja. Akakung'uta vumbi kwenye mkeka. Mchi ulinyamaza, akasimama, akaona sasa atatoka. Hakutoka mtu. Mchi ukaanza tena.

Alingoja mpaka adhana ya alasiri. Amenikataa, alisema moyoni, na uso ulimwaka kwa haya, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona. Basi akaingiza hendeli, akazungusha, injini ikakubali kwa kishindo, akageuza gari na kuupanda mlima kwa gia ya kwanza, vumbi likafuka nyuma yake. Hakutazama nyuma. Hata angetaka, kile kioo kilikuwa dukani.

Wiki ile alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akaandikiwa talaka moja. Aliona ni heshima kumwachia huru mwanamke asiyemtaka. Barua ilikwenda Mahege, na jibu halikurudi. Miezi mitatu ya eda ikapita.

Kondo alitoka mikokoni mvua zilipoanza, mikono imepasuka kwa shoka na chumvi. Alimkuta Muhidini nyuma ya duka akisafisha kabureta.

"Nimetoka Mahege," alisema. "Dada kaolewa Mtunda, mwezi sasa. Sikuja kugombana. Nataka jambo moja tu unieleze. Kama ulikwenda kumchukua, kwa nini hukusimama?"

"Nilisimama, Kondo. Nimekaa pale tangu swala mpaka alasiri."

Kondo akakaa juu ya debe tupu.

"Kila Ijumaa alifunga furushi lake," alisema. "Miezi mitano. Siku ile alikuwa akitwanga, na furushi liko kando ya kinu. Anasema gari hakulisikia likija. Alilisikia likiondoka. Akatupa mchi akakimbia na furushi, akafika barabarani anaona mgongo wa gari unapanda, na vumbi. Akasema, kaja kunipita tena."

Muhidini alikuwa ameshika kabureta mikononi. Alitaka kueleza habari ya swichi, akaona haielezeki kwa mtu yeyote. Kondo alimuaga akaenda zake.

Vita vikaisha, tikiti zikaondolewa. Biashara ya Bwana Swalehe ikanyooka njia ya Mahege, na Muhidini akawa anapita kule kila wiki, katika Kiu ileile. Kwenye miteremko mingine yote alizima injini kama zamani. Ule mmoja tu wa Mahege aliushuka injini ikiwaka, gia ya pili, ikiunguruma mpaka mikorosho ikatikisika, na pale njia inapoachana alisimama kidogo bila kuzima.

Mwaka mmoja Bwana Swalehe alimwuliza kwa nini siku hizi safari ya Mahege inakula mafuta kuliko nyingine.

"Ni ule mteremko, Bwana," Muhidini alimjibu.

Swalehe akacheka. "Tangu lini mteremko ukala mafuta?"

Muhidini alichukua kijiti chake, akaenda kupima tangi.